Ng'ombe wa Mwandishi Nguli

Leo nimeletewa ng'ombe kazini, mtaa mzima wa Manundu ukiangalia.

Mimi. Ninayeitika "abee" kwa sauti ndogo mpaka mteja anauliza kama kuna mtu.

Iko hivi. Nachapa kwenye steshenari ya shangazi. Juzi, nikiwa peke yangu, niliandika chini ya ukurasa: "Zuhura, Mwandishi Nguli wa Kesho." Kompyuta ikaniuliza kitu, nikabonyeza ndiyo bila kusoma. Kumbe nimehifadhi kwenye kiolezo, na kila ukurasa mpya unaanzia hapo.

Jana mzee mmoja mfugaji wa Handeni akaja. Ng'ombe wake kapotea mnadani, anataka tangazo: atakayempata amlete steshenari kwetu. Nikachapa, akabandika mji mzima.

Leo kijana kasimama mlangoni, kashika kamba.

"Mwandishi Nguli yupo?"

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. "Nguli, toka upokee mifugo yako."

Nikatoka. Nikajificha nyuma ya ng'ombe. Ng'ombe akasogea.

Mzee alipofika nikamwamkia, nikamchapia tangazo jipya kwamba ng'ombe kapatikana, watu waache kumtafuta. Safari hii jina langu nikalifuta.

Akaitazama karatasi. "Mwanangu, yale maneno ya chini yako wapi?"

"Nimeyatoa, mzee."

"Yarudishe. Bila yale, nani ataamini?"

Nikayarudisha kwa mikono yangu mwenyewe.

Haya, mnaocheka: kwenye kiolezo niyafute, au ndiyo nimeshakuwa nguli?