Dornbrunner, Jina la Watu Wachache

Nakumbuka siku moja ya baridi kule juu ya Molo, ukungu ukiwa bado umelalia shamba la pareto, mtoto wangu wa miezi mitano yuko mgongoni, na karani mgeni amekaa mezani uani kwa Bwana. Aliniuliza jina langu, nami nikataja jina ambalo si langu. Nitakueleza ilivyokuwa, mwanangu, lakini nivumilie. Pumzi zangu siku hizi ni fupi na maneno yenyewe ni mengi.

Nilikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa mzungu mmoja Mjerumani aliyeitwa Dornbrunner. Wakamuaji na watu wa jembe walishindwa na jina hilo wakamwita Bwana Donbura. Hakulipenda. Akikusikia alisimama pale pale, hata kama ni katikati ya matope, akainua kidole.

"Hapana Donbura. Dorn. Brun. Ner. Sema."

Na wewe unasema, yeye anatikisa kichwa, mnaachana hivyo.

Alikuja huku kabla ya vita vya Hitler. Mke wake alikuwa Myahudi, na kwao siku hizo mtu wa namna hiyo hakuwa na mahali pa kuweka mguu. Mke akafia hapa, akazikwa Nakuru, wala hawakuwa wamepata mtoto. Mimi nilimkuta peke yake na mbwa wawili na ngano yake. Kila alasiri, akishamaliza chai, aliketi barazani akaandika barua. Alikuwa akiwaandikia watu wote ulimwenguni wenye jina lake, kadiri alivyoweza kuwapata. Mkono wake ulitetemeka sana, na mimi nilikuwa nimesomea misheni hadi darasa la sita, kwa hiyo kazi ya kuandika anwani juu ya bahasha ikawa yangu.

"Wewe iko andika mzuri kuliko mimi," alikuwa akisema.

Basi nikawa naandika jina hilo mara nyingi kuliko nilivyoandika langu. Siku moja nikamuuliza maana yake. Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwa Kiswahili chake kile cha wazungu wa mashambani, na alipokwama alichora kwa kidole juu ya meza. Kwao zamani, katika kijiji kidogo cha milimani, palikuwa na chemchemi. Watu wakaizungushia miti ya miiba ili ng'ombe wasiingie kuichafua. Yule aliyejenga karibu nayo akaitwa mtu wa kisima cha miiba. Dorn ni mwiba, Brunn ni kisima. Ndiyo jina, basi.

"Kwa nini mko wachache, Bwana?"

"Fundi ya chuma iko kila kijiji," akasema. "Kwa hiyo watu yenye jina ya fundi ya chuma ni mingi sana, Ujerumani yote. Lakini hii kisima ilikuwa moja. Moja tu. Na nyumba karibu yake, moja."

Nyumba moja hiyo ilizaa, ikatawanyika, vita vikapita juu yake mara mbili. Barua nyingine zilirudi zikiwa zimepigwa mhuri, mwenyewe hayuko. Nyingine zilijibiwa na wajane. Alikuwa na karatasi kubwa aliyoichora kama mti, na kila jibu likija aliandika jina au alichora msalaba mdogo. Misalaba ndiyo iliyokuwa mingi.

Sasa nirudi kwangu. Mume wangu Njoroge alikuwa dereva wa trekta hapo shambani. Serikali ya wakoloni ilipotangaza Hali ya Hatari, Wakikuyu wote wakashukiwa uasi; walimchukua na wenzake, wakapelekwa kizuizini. Nikabaki na mama yake, Wangechi, mwanamke mrefu mwembamba, asiyesema sana. Nikajifungua msichana. Na wewe unajua desturi yetu sisi Wakikuyu: msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Wala si kumbukumbu tu. Ni yule mzee mwenyewe amezaliwa tena. Wangechi hakuwa akisema "niletee mtoto." Alikuwa akisema, "Niletee mimi nijipakate." Kisha anacheka peke yake, na hakuwa mtu wa kucheka.

Ndipo amri ikaja kwamba Wakikuyu wote wa mashamba yale waondolewe, warudishwe rizavu, zile sehemu walizotengewa na serikali; sisi kwetu ni Murang'a. Habari ilitufikia siku moja kabla. Jirani yangu Tapsubei, Mkipsigis, mke wa mkamuaji, alikuja jikoni akafunga mlango.

"Nyambura, wewe unasema lugha yetu kama sisi. Wewe ni Chepkoech, mke wa ndugu yangu. Mtoto ni Chebet. Umesikia?"

"Na mama?"

Akainamisha macho. Wangechi hakujua hata neno moja la Kikipsigis.

Mwanangu, ulikuwa msimu wa mvua, na tulisikia watoto wadogo walikuwa wakifia njiani. Sijitetei. Nakuambia tu tulivyosikia.

Kesho yake asubuhi ndiyo hiyo niliyokuambia. Karani mezani, ofisa mmoja kijana amesimama kando yake, askari, na lori nyuma yao. Zamu yangu ikafika.

"Jina?"

"Chepkoech."

"Na huyo mgongoni?"

"Chebet."

Karani akanitazama, akamtazama Wangechi aliyekuwa mbele ya lori na mzigo wake kichwani, akasema, "Huyu mzee mlitoka pamoja upande ule wa nyumba. Ni mtu wako?"

"Simjui," nikasema.

Nilisema kwa sauti kubwa, mwanangu, zaidi ya ilivyohitajika. Anayeogopa hupiga kelele. Karani akamgeukia yeye. "Wewe, mama. Unamjua huyu?"

Wangechi alinitazama. Halafu akamtazama mtoto, kwa muda, kama mtu anayesoma kitu ili asikisahau.

"Mimi simjui," akasema. "Ni watu wengine hao."

Ofisa akamuuliza Bwana Dornbrunner kama ni kweli mimi ni Mkipsigis. Bwana, aliyejua jina langu na la mama mkwe wangu, alijibu ndiyo. Akanidanganyia. Lakini kwa Wangechi hakufungua mdomo, na mpaka leo sijui kama angeweza kumsaidia au hangeweza. Yule mzee alipanda lori bila kushikwa mkono. Hakugeuka nyuma.

Miaka ikapita. Watu wakanizoea kwa jina la Chepkoech. Mtoto akaanza kusema, akaenda shule ya shambani akiitwa Chebet. Barua zikaanza kuruhusiwa, nami, mwandishi wa barua za watu, sikuandika hata moja kwenda Murang'a. Kila mwezi nilijiambia mwezi ujao. Mwanzoni ilikuwa ni woga. Baadaye woga ukaisha, na kilichobaki kikawa mazoea tu na aibu. Mkataa kwao ni mtumwa, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba utumwa wenyewe unaweza kuwa laini namna ile, na sukari ndani ya chai.

Alasiri moja nikapeleka trei barazani nikamkuta Bwana ana barua mkononi na uso umemshuka. Ilitoka Uingereza, kwa mtoto wa ndugu yake, kijana ambaye alikuwa amemtafuta zaidi ya miaka kumi. Ndiye pekee aliyekuwa amebaki upande wake. Kijana aliandika kwamba wakati wa vita majirani walikuwa wakiwarushia mawe madirishani kwa sababu ya jina la Kijerumani, kwa hiyo alilibadilisha, akajiita Brown. Ameoa, ana watoto wawili wa kiume, nao ni akina Brown. Anamsalimu baba mdogo, na anaomba asiandikiwe tena kwa jina lile la zamani, maana mke wake hapendi.

Bwana akanisomea yote. Kisha akaikunja.

"Vita ilikuwa, mimi naelewa," akasema. "Mawe ilikuwa. Mimi pia nabadilisha, kama iko mtoto ndani ya nyumba. Lakini vita nakwisha zamani. Sasa yeye nakimbia nini?"

Mimi nikainua trei yangu niondoke.

"Wewe iko elewa, Nyambura?"

Alikuwa hajaniita jina hilo tangu siku ya lori. Nikasema nimeelewa. Nikaenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Ungedhani kwamba kesho yake nilifunga safari. La. Moyo wa mtu ni mvivu kuliko punda. Nilikaa mwaka mwingine na zaidi. Bwana akaugua kifua, akafa msimu wa kupanda, akazikwa shambani kando ya ua wa nyumba. Fundi seremala alileta msalaba wa mbao ameandika DONBURNA. Hakuna mzungu yeyote pale aliyejua kuliandika vizuri, hata kasisi. Nikaomba brashi, nikapiga magoti kwenye udongo uliotifuliwa, nikaliandika herufi kwa herufi, kama nilivyoliandika kwenye bahasha zote zile. Na karatasi yake ya mti nikaichukua nikaiweka chini ya kitanda. Hakuna aliyeiulizia.

Baadaye mume wangu akaachiliwa. Alifika amekonda, meno mawili hayapo. Msichana wetu alikuwa mlangoni. Njoroge akachuchumaa mbele yake.

"Unaitwa nani, mama?"

"Chebet."

"Na jina la nyanya yako ni nani?"

Mtoto akanigeukia mimi, kuuliza kama ana nyanya.

Njoroge hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliingia ndani akalala kutwa nzima, ameelekea ukutani. Wiki ile ile nikamshika mtoto mkono, tukapanda gari moshi Nakuru, mlima Longonot ukabaki nyuma yetu, na siku ya pili tukafika Murang'a.

Wangechi alikuwa hai. Alikaa nje ya kibanda cha kijiji walichohamishiwa, anachambua maharagwe, na macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Nilianguka miguuni pake nikaanza kulia na kueleza, lori, karani, mvua.

"Nyamaza," akasema. "Siku ya lori sikukukasirikia. Ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo. Mtu akikimbizwa na simba hupanda mti wowote. Lakini simba akienda, mtu hushuka. Simba wako alienda zamani, Nyambura. Wewe ukajenga nyumba huko juu ya mti. Hiyo miaka mingine yote, hiyo ndiyo nimekukasirikia."

Nikafuta uso, nikamtafuta mtoto.

Mtoto alikuwa amejificha nyuma yangu. Akachungulia, akauliza, "Wewe ni nani?"

Yule mzee akaweka ungo chini. "Mimi ni wewe," akasema. "Njoo nikuone."

Nikasema kwamba jina la Chebet nitalifuta mara moja. Akanikatiza kwa ukali. "Ulifute kwa nini? Lilimfunika mtoto wangu mvua ikinyesha. Huwezi kutupa mwavuli wa mtu aliyekusaidia. Mwache nalo. Muongezee langu." Na ndivyo alivyoitwa mpaka leo, Chebet Wangechi, na Tapsubei alipopewa habari hizo alilia.

Juzi mjukuu wangu anayekaa Free Area, Nakuru, alikuja kunitazama. Nikampa ile karatasi ya mti, nikamwambia anitafutie kwenye simu yake watu wa jina hilo wako wangapi sasa. Alihangaika kidogo. "Wachache sana, Cucu," akasema; ndivyo sisi Wakikuyu tunavyomwita nyanya. "Naona nyumba kadhaa tu, karibu zote mkoa mmoja kule Ujerumani. Huko kwingine hakuna." Sijui kama ni kweli, simu nayo hudanganya kama watu. Nikamuuliza kama ameona Uingereza. Akasema akina Brown wa Uingereza ni wengi kama nyasi, hawezi kujua ni yupi. Nimechoka tangu siku hiyo, na si ugonjwa.

Mwanangu, nasikia nanyi siku hizi mkienda kutafuta kazi mnafikiria kwanza jina lenu litasomwa na mtu wa wapi. Sitakucheka. Hapa Molo nimeona watu wakichomewa nyumba kwa sababu ya jina, si mara moja, na nimezeeka bila kuona mwisho wake. Kwa hiyo nakuambia hivi. Ukikimbizwa, jifiche, uhai hauna mbadala. Aliyekufunika usimsahau, hata kama si wa kabila lako. Lakini hatari ikipita, rudi mapema, usingoje mwezi ujao, kwa maana wale unaowarudia nao wanazeeka, na majuto ni mjukuu. Na siku wewe ndiwe uliyekaa mezani na kalamu, unauliza wengine majina yao, uliza polepole, na jina la mtu lisiwe sababu ya kumpandisha lori.

Nenda sasa, giza lisikukute njiani. Mungu akupe umri mrefu na mwili wenye nguvu. Akupe watoto, na watoto wa watoto, na wote wajue kukuita, nawe uwe na masikio ya kuwaitika. Amina.