Kikombe cha Maji ya Chumvi

Enzi zetu filamu haikuwa filamu mpaka mtafsiri awepo. Jumapili baada ya misa tulijazana kwenye kibanda cha video pale Ipuli, watoto mbele kwenye mkeka, wakubwa nyuma kwenye mabenchi, tukitafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa mpaka taya zinauma. Mtafsiri aliketi kando ya televisheni na kipaza sauti chake, akatuambia kila mtu anasema nini, na mengine akayaongeza mwenyewe. Watoto wa leo wanasoma maandishi chini ya picha huku wanachati. Hawajui raha hao.

Filamu iliyonivuruga ilikuwa ya msichana aliyempenda kiumbe wa ziwani. Mchana kiumbe yule alikuwa kijana mzuri wa shati jeupe, ila mgongoni ana magamba. Hamtazami mtu usoni, wala hali nyumbani kwa watu. Mtafsiri akashusha sauti: "Ndugu watazamaji, huyu dawa yake moja tu, maji ya chumvi. Akimwagiwa, utu unamtoka, anarudi majini kwao." Hakuna aliyemmwagia. Msichana alimfuata ziwani kwa miguu yake, mama yake akabaki ukingoni akiita jina. Kina dada walifuta machozi. Mimi nilitoka pale mbio mpaka nyumbani.

Dada yangu Veronika, aliyenilea mgongoni, alikuwa na mchumba ambaye hatukuwahi kumwona. Jina lake Maganga, wa Tura, kule mbele kwenye reli. Tangu barua ya posa ifike, dada alikuwa akiimba peke yake akichota maji. Msichana wa kwenye filamu naye aliimba.

Wiki ileile wakaja, Maganga, mshenga wake na wazee wawili. Nilichungulia nyuma ya pazia. Shati jeupe. Mama alipopita na sinia la wali, Maganga akageuza uso ukutani kabisa. Alipokaribishwa chakula akasema ameshiba, ilhali wametoka safari. Leo najua ile ilikuwa heshima ya Kinyamwezi, mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hali mbele yake. Lakini Veronika ndiye aliyekuwa wa kwanza kuposwa kwetu, na mimi nilikuwa na miaka kumi, sijawahi kuona mkwe.

Nikaenda jikoni, nikajaza maji kikombe cha bati, nikatia chumvi ngumi nzima. Nikapita katikati ya wazee nikisema shikamooni, wakaitikia marahaba, kisha nikammwagia Maganga usoni.

Mshenga alisimama akachukua fimbo yake. "Mgeni akimwagiwa maji amefukuzwa," alisema. "Twendeni." Dada aliingia, akaona, akaketi sakafuni palepale bila kulia. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyomwogopa kiumbe. Nilitaka kumwokoa dada, kumbe namvunjia ndoa.

Maganga alikuwa amefumba macho, anajipangusa kwa kiganja. "Kaa, baba," alimwambia mshenga wake. Halafu akaniuliza taratibu, "Shemeji, umeitazama ile ya mtu wa ziwani?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwetu nayo ilifika. Jenereta likazima kabla ya mwisho. Yule dada alifanyaje?"

"Alimfuata," nilisema nikilia.

Akakichukua kikombe mkononi mwangu, akakiweka chini. "Basi na wewe utatufuata. Likizo uje Tura, ukague mgongo wangu."

Wazee wakacheka, mshenga akakaa. Baba alinichapa baadaye, haki yangu ile. Ndoa ikafungwa, treni ikamchukua dada, nami nikabaki stesheni nikiita jina lake mpaka behewa la mwisho lilipopotea.

Sasa ni zamu ya binti yangu Neema. Kijana wake yuko Dar, wamejuana simuni. Picha aliyomtumia ina masikio ya mbwa na ulimi nje, eti ndiyo urembo. Tulizungumza kwa video mara moja. Alinitazama machoni bila kupepesa, akasema, "Mambo, mama mkwe," huku anatafuna chipsi. Viumbe wa enzi zetu walikuwa na haya. Neema ananiambia, "Mama, acha ushamba." Lakini anaimba akiosha vyombo, kama dada alivyoimba akichota maji.

Juzi nilimpigia Dada Veronika, ambaye bado yuko Tura, mjane sasa. Nikamwambia kijana anakuja Jumamosi, na kile kikombe cha bati ninacho. Alicheka mpaka akakohoa.

"Chumvi usizidishe, mdogo wangu," alisema. "Marehemu macho yalimwasha wiki nzima. Alinikataza nisikwambie, alisema utaogopa kuja likizo."

Nilikwenda likizo zote, na mgongo wake sikuukagua hata mara moja. Tangu juzi nimekiosha kikombe kile mara tatu, nakitazama tu. Huyu wa masikio ya mbwa, akimwagiwa, sijui kama atajipangusa na kukaa.