Nailoni ya Tangi la Kioo

Chekeni mnavyotaka, lakini kwetu Temeke kitu kipya hakivuliwi nailoni. Bosi wangu wa saluni kule Sinza alileta tangi la kioo lenye mimea, akaniachia mie nilitunze. Mfuniko ulikuja na nailoni juu ya matundu ya hewa, nikaiacha. Kioo kikawa kinatiririka maji kwa ndani. Wateja wakiuliza, nawaambia mimea imeshiba.

Jana bosi kafungua mbele yao. Saluni nzima ikanuka uozo, mimea yote imeota ukungu.

"Mwajuma, hewa ingepitia wapi? Nani kaacha nailoni hii?"

"Mie sijui, dada. Muulize aliyekuuzia."

Nikajiweka vizuri kwenye kiti changu kipya. Kikalia chakarachakara, wote wakageuka kuitazama nailoni yake.

Na hiyo siivui ng'o!