Nilivyoivamia Kamati ya Maadili

Mkiniona siku hizi nazunguka nyuma ya zahanati yetu ya Mamba ili nisipite mbele yake, sababu ni hii.

Mke wangu Nakijwa yumo kwenye utafiti wa dawa mpya ya presha. Juzi simu yake iliita tukiwa tunaosha tangawizi uani, na simu ile hupaza sauti. Nikasikia mwanaume akisema, "Njoo peke yako, mama. Tutaongea faragha."

"Nitakuja," Nakijwa akajibu kwa upole. "Kuna jambo nimelificha."

Wivu ukanishika. Alipovaa kitenge cha kanisani, nikamfuata kwa mbali mpaka zahanati, nikatega sikio mlangoni.

"Mbona hukusema mapema?" sauti ileile iliuliza.

"Niliogopa," mke wangu akalia.

Nikaupiga mlango bega. "Umemfanya nini mke wangu?"

Mzee mwenye mvi akainuka, na kando yake alikuwa ameketi mama mmoja muuguzi. Nikajikuta nimesema, "Shikamoo."

"Marahaba. Sisi ni kamati ya maadili. Utafiti ukiwa unaendelea, tunawauliza washiriki faragha kama dawa inawadhuru, au kama kuna anayewalazimisha kushiriki. Mama anapata kizunguzungu, aliogopa kuwaambia watafiti." Kisha akamgeukia Nakijwa. "Huyu ndiye anayekulazimisha?"

Wagonjwa wote wa foleni walikuwa wamejaa mlangoni nyuma yangu.

"Hapana," Nakijwa akasema, akifuta machozi. "Huyu hajawahi hata kuniuliza kama naumwa."