Ng'ombe Waliofungiwa Ndani ya Kompyuta

Habari ilinifikia hapa Columbus kupitia shemeji yake wa Louisville: yule bwana wa Buffalo, mfugaji wa kompyuta tuliyezoea kumtania, ametutoka baada ya kuugua kwa miezi. Safu hii ina desturi ya kutotaja majina ya watu na leo sitaivunja. Ng'ombe wake nitawataja, kwa sababu nimerudi kutoka matangani nikiwa na hasira, na hasira yenyewe inatokana na ng'ombe hao.

Alizaliwa kwenye milima ya Kivu Kusini, katika ukoo wa wafugaji. Vita ikamaliza mifugo ya baba yake, naye akapitia kambi ya wakimbizi hadi akafika Buffalo, mtaa wa Lower West Side. Kazi yake ilikuwa kupanga maboksi kwenye ghala moja kule Lackawanna, mkononi amefungwa kimashine kinachopima kasi yake na kulia akichelewa. Akirudi nyumbani aliwasha kompyuta kuukuu isiyo na intaneti, akafungua gemu ya ufugaji aliyoinunua kwenye duka la mitumba, ya mtu mmoja kucheza peke yake. Humo alitengeneza vilima vikafanana na vya kwao, na kila ng'ombe akampa jina la ng'ombe wa baba yake: Bihogo, Gaju, Sine. Watu wa milima ile humwita ng'ombe kwa jina lake, na yeye aliwaita kwa sauti, mkewe akisikia jikoni.

Siku moja nilimtembelea, theluji imejaa hadi mlangoni. Hakuinuka. "Ngoja kwanza, muzee," akaniambia, "mvula inakuya, niingize ng'ombe." Nikasimama na koti langu likichuruzika maji mpaka zizi likafungwa. Nilipomuuliza kwa nini asicheze na wenzake kwenye mtandao kama wanawe, alinitazama kwa huruma. "Kule kazini mashini inaniangaria siku nzima. Huku hakuna mutu ananiangaria. Ni miye na ng'ombe zangu, basi."

Alipougua akaacha kazi, watu wa kanisa lake wakashikwa na wasiwasi. Sisi tuna ugonjwa wetu: mtu akikaa peke yake, tunaona aibu imetuangukia wote. Wakaenda kumfariji, wakamkuta na ng'ombe wake, wakaamua ana upweke. Basi wakachangishana, wakamwekea intaneti ili awe anashiriki maombi ya asubuhi kwenye kompyuta. Shemasi ndiye aliyeiunganisha, na kila mara kompyuta ilipouliza jambo, alibonyeza kukubali. Alikuwa na nia njema kabisa. Kesho yake gemu ilikuwa imejigeuza toleo jipya, la kuchezwa na watu wengi, lenye duka mlangoni na linalodai akaunti na namba ya simu. Shamba lake lilikuwa bado mle ndani, lakini gemu mpya haikuweza kulifungua, na ya zamani ilikataa kurudi. Binti yake aliiandikia kampuni. Jibu likaja, la adabu sana, kwamba toleo la zamani halihudumiwi tena. Mteja afungue akaunti aanze upya.

"Banasema nianze upya," aliniambia kwenye simu. "Nilianza upya mu kambi, nikaanza upya hapa Buffalo. Bon, sasa hata ng'ombe ya mu kompyuta?" Hakuigusa tena kompyuta ile.

Naandika nikiwa nimekasirika na sioni sababu ya kuficha. Mtu amenunua kitu, amekilipia, amekitunza kwa miaka. Ni nani aliyempa mwenye kampuni ruhusa ya kurudi sebuleni kwake na kukichukua? Mtu akiingia zizini akatoa ng'ombe usiku, tunamwita mwizi. Huyu aliyeingia kwa njia ya waya tunamwita mtoa huduma, tena anatushukuru kwa uvumilivu wetu. Siku hizi hata mchezo wa mtu mmoja lazima uombe kibali kwa watu asiowajua. Na sisi tunaopenda mikusanyiko tuliwafungulia mlango, kwa sababu hatukuweza kuamini kwamba mtu aliyetulia peke yake anaweza kuwa mzima.

Matangani, historia ya marehemu iliposomwa, wazee waliomba ng'ombe wa baba yake watajwe, kama wafanyavyo kwao. Hakuna aliyewajua. Binti yake akainama, akasema kwa Kiingereza kwamba hakuwahi kuuliza. Ndipo mjane akasimama, mikono imeshikana kifuani, akaanza kuwataja kama alivyowasikia kutoka jikoni. Bihogo. Gaju. Sine. Akaendelea, watu wakiitikia kila jina, mpaka akafika kwa ndama mmoja. Akageuka, akaitazama kompyuta iliyofunikwa kitambaa pale pembeni.

"Uyu jina yake siijui," akasema. "Iko mule ndani."

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukimkuta mtu ametulia na kitu chake, mwache nacho, hata kama unampenda. Au vuta kiti, ukae kando yake kimya, umuulize majina.