Ubao Nilioupeleka Kabuga

Safari hii niliianzisha kwa mdomo wangu mwenyewe. Mnakumbuka, tulikuwa tumetoka ibadani, tumesimama kwenye ngazi za kanisa, mzee mmoja wa kamati akasema familia ya dada yangu Esta iko Kigali mwaka wa tatu sasa na hatujaona hata picha ya jengo. Mwingine akadakia eti wamishenari wetu wamekwenda kula maisha, na hata mtoto wao wa mwisho wamempa jina la huko huko. Damu ikanichemka. Nilisema maneno ambayo mengine siyarudii hapa. Mwisho nikasema, "Nakwenda mwenyewe. Nitaona, nitarudi, nitawaambia." Kamati ikakubali: nikirudi na habari, ndipo itaamua kama Esta na mumewe Yona wabaki Kigali au warudi nyumbani Kahama.

Habari ndiyo hii. Nimeiandika yote, hata ile ya kuniaibisha.

Mliniagiza nibebe na ubao. Mnanijua, shule niliishia darasa la saba, kuchora mabango nilijifundisha kwa kuangalia herufi za kwenye malori. Ubao huu niliuchora siku nne. Plaiwudi nzuri, rangi ya mafuta, herufi za bluu zenye kivuli cheusi: KITUO CHA WATOTO, na chini yake jina la kanisa letu, na chini kabisa, KAZI YA WAMISHENARI WETU. Mlitaka upigiliwe kwenye jengo, upigwe picha, kamati ione. Nami nilitaka kuliko nyinyi.

Jumatatu alfajiri niliondoka Kahama. Kondakta aliuangalia ubao, akaniangalia mimi. "Dada, huyu mwenzako mbona hana tiketi?"

"Huyu ni mtumishi wa Mungu," nikamwambia. "Mpandishe."

Akaufunga juu ya basi kwa kamba, na mimi kila tukisimama nilitoa kichwa dirishani kuhakikisha upo. Ushirombo upo. Nyakanazi upo. Kutoka Lusahunga barabara ni malori tu, yanapanda na kushuka yamejaa shehena za kwenda Rwanda na Kongo.

Mchana tulifika Rusumo, mpakani. Pale darajani maporomoko yanaunguruma chini yako mpaka miguu inasisimka. Nilikuwa na dagaa za dada kwenye mifuko mitatu ya plastiki. Binti mmoja wa ukaguzi, mdogo kuliko mimi, akaniambia kwa upole, "Dada, mufuko hii haipite." Nikaanza kumfokea. Yeye akatabasamu tu, akaleta mifuko ya karatasi, akamimina mfuko mmoja baada ya mwingine bila kumwaga hata dagaa mmoja. Nilipomaliza kelele zangu naye alikuwa amemaliza kazi yake. Akasema, "Karibu Rwanda."

Upande wa pili nikapanda gari jingine. Dereva akashika mkono wa kulia wa barabara, na mimi nikapiga yowe, "Wewe! Unatuua!" Gari zima likageuka kunitazama. Mama wa kiti cha jirani alinigusa goti, akasema taratibu, "Huku ni hivyo." Toka hapo mpaka Kayonza nilinyamaza, na kwangu mimi huo ni mwendo mrefu.

Jioni tukaingia Kabuga, mji wa soko pembeni mwa Kigali, kabla hujafika mjini kwenyewe. Shemeji Yona alikuwa kituoni. Amekonda, lakini kicheko ni kile kile. Akajitwisha ubao kichwani bila kuuliza umeandikwa nini, tukapanda kilima kwa miguu. Dada akatoka mbio, mimi nikapiga vigelegele kama harusini. Binti yao Tumaini, ambaye sasa ana miaka minane, akanivuta sketi.

"Mama mdogo, punguza sauti. Majirani watadhani kuna aliyekufa."

Hapo ndipo nilipomshika kwa mara ya kwanza huyo mtoto mwenye jina mlilolinung'unikia. Anaitwa Manzi. Nikamuuliza dada kwa nini. Akaniambia kule mtoto akifikisha siku nane, watoto wa jirani huitwa, hulishwa, halafu kila mmoja hutaja jina analompa mtoto. "Sisi hatukuwa na ndugu hata mmoja hapa," akasema. "Nilijifungua kwa upasuaji, Yona ana malaria, Tumaini analia. Wanawake wa kilima hiki wakagawana siku. Mmoja anapika, mmoja anafua, mmoja ananiogesha. Siku ya nane wakaja na watoto wao. Jina la Manzi lilitajwa na mtoto wa jirani yetu Mama Uwase. Ningelikataaje?"

Jumanne nililala tu. Jumatano asubuhi nikapelekwa kuona kazi.

Kazi ni chumba kimoja. Kuta za matofali ya udongo, msingi wa mawe, bati, mkeka, makopo ya maji ya kunawa mikono. Kiko kwenye kona ya kiwanja cha huyo Mama Uwase, anayeuza nyanya sokoni. Akina mama ishirini wa kilima kile huacha watoto wao pale wakienda kwenye shughuli zao, na kila mama ana zamu yake ya kubaki, kupika uji na kulea. Dada yangu, mmishenari wetu, ana zamu moja tu kwa mwezi kama wao. Ilikuwa siku yake. Nilimkuta amekaa chini, watoto wawili mgongoni, anakoroga uji.

"Sasa kazi yenu nyinyi iko wapi?" nikauliza.

"Ndiyo hii."

"Nani alijenga?"

"Wao. Yona aliwaonyesha kupanga mawe ya msingi, maana ya kwanza yalichukuliwa na mvua. Mawe waliyabeba wenyewe kichwani kutoka bondeni, siku za umuganda." Umuganda ni ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambapo watu wote hutoka kufanya kazi ya pamoja, halafu hukaa kikao.

Jioni nikafunua ubao. Shemeji aliusoma, akamtazama mkewe. Dada akapitisha kidole kwenye herufi. "Umechora vizuri sana, mdogo wangu," akasema. "Tuuweke nyuma ya kabati."

Nyuma ya kabati! Nikawaambia, huko nyumbani watu wanawasema, kamati iko tayari kuwarudisha, na mimi nimewapigania mpaka sauti imekauka, halafu nyinyi mnaficha kazi yenu. Dada akasema, "Chumba si chetu." Nikasema, "Unyenyekevu wenu utawarudisha Kahama!" Nikaenda kulala na hasira.

Alhamisi kulipopambazuka nilichukua nyundo ya shemeji, nikaupigilia ubao juu ya mlango wa kile chumba. Misumari sita. Akina mama wawili walipita na ndoo zao za maji. Wakasimama, wakasoma. Kiswahili wanakijua. Wakasema, "Mwaramutse," yaani umeamkaje, wakaenda zao. Nikajisemea, unaona? Wamefurahi.

Saa mbili, hakuna mtoto. Saa tatu, hakuna. Mama wa zamu hakuja, akamtuma mtu kusema ana mgeni. Dada alipofika na kuona kilichokuwa juu ya mlango, hakupiga kelele. Alikaa kwenye msingi, mikono mapajani. Afadhali angenipiga.

Nikashuka sokoni kumtafuta Mama Uwase. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, anapanga nyanya kama anapanga mayai.

"Mama Uwase, mbona watoto hawakuja leo?"

"Nta kibazo, hakuna shida."

"Ni ule ubao?"

"Hakuna shida, mugeni wetu."

"Kama hakuna shida mbona hawaji?" Nilishapandisha sauti, soko zima linasikia. "Dada yangu amewalelea watoto miaka mitatu! Ubao tu unawauma?"

Akaweka nyanya moja juu ya nyingine. "Chukua hizi, pelekea Mama Tumaini," akasema. Mama Tumaini ndiye dada yangu. Akanipa nyanya nne, akageukia mteja mwingine.

Nilirudi na nyanya mkononi. Shemeji Yona alinisubiri nipoe, akanieleza. Kabla wao hawajaja, kulikuwa na mradi mmoja kilimani pale. Wenyeji walijitolea kusomba mchanga na maji, nyumba ikasimama. Siku ya mwisho wakaja watu wa magari, wakapigilia ubao, wakapiga picha na watoto. Baada ya wiki kadhaa mlango ukafungwa kwa kufuli, na aliyetaka kuingia akaambiwa akaombe ruhusa kwa wenye ubao, nao hawakuonekana tena. Nyumba ile iliangukia ndani. Nilikuwa nimeipita kila siku nikidhani ni zizi la zamani.

"Walituuliza swali moja tu tulipofika," akasema Yona. "Mtaweka ubao lini? Tukawaambia hatutaweka. Ilituchukua mwaka mzima watuamini."

Nikanyanyuka niende kuung'oa. Akanizuia. "Ukiung'oa kimya kimya watasema tumeuficha ili tuurudishe. Jumamosi ni umuganda. Umepigiliwa mbele ya watu, utolewe mbele ya watu. Na si mimi wa kusema. Wala si dada yako."

Ijumaa dada alipika uji wa watoto ishirini. Alikunywa Tumaini, akanywa Manzi, nikanywa mimi. Nilikunywa vikombe vitatu.

Jumamosi asubuhi barabara zilinyamaza, maduka yamefungwa, watu wote na majembe. Tulichimba mtaro wa maji ya mvua pembeni mwa njia. Nilichimba kama niliyelaaniwa, malengelenge mikono yote. Kazi ilipoisha watu wakakaa kwenye nyasi, kiongozi wa mtaa akasema yake kuhusu usafi na bima ya afya, kisha akauliza nani ana neno. Nikasimama. Mimi mwenyewe mnayenijua kwa mdomo, nilitafuta pa kuanzia.

Nilianza vibaya. Nikaanza kueleza kwamba nilitumwa, kwamba kule nyumbani watu wanasema hivi, kwamba mimi ni fundi wa herufi, kwamba nampenda dada yangu. Tumaini ananitafsiria kwa Kinyarwanda, amechoka. Mama Uwase akapaza sauti kutoka nyuma:

"Huyu anasema mingi kama redio iko na betri mupya! Semako neno moja!"

Watu wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kilima kile kikicheka tangu Alhamisi. Nikasema, "Chumba ni chenu. Niliandika uongo. Dada na shemeji walinikataza. Nisameheni."

Kiongozi akauliza kama kuna wa kujibu. Halafu Mama Uwase akajipangusa udongo, akaenda zake. Nikajua imekwisha. Kumbe alikwenda kuleta ngazi.

Niliung'oa mwenyewe, wote wanatazama. Nikataka kuuvunja, Mama Uwase akanipokonya. "Unavunja ubao mzuri? Iko na kichaa?" Akaugeuza, upande wa herufi chini, akaulaza juu ya matofali manne ndani ya chumba, akapanga juu yake vikombe vya uji. Siku nne za bluu na vivuli, zinatazama sakafu. Nilicheka huku nalia.

Msidhani mambo yalinyooka hapo hapo. Jumatatu walikuja watoto wanne. Jumanne sita. Siku naondoka, Alhamisi, nilihesabu tisa kati ya ishirini. Wengine mama zao bado wanasema hakuna shida, na sasa najua maana yake. Dada alinisindikiza mpaka kituoni, Manzi mgongoni. Nikamuuliza, watarudi wote? Akasema, "Nikiwa hapa, watarudi. Ila ni kuanza upya." Hakunilaumu hata hapo. Akanifunga kanga yangu vizuri, kama nilipokuwa mdogo, akaniambia nisigombane na makondakta.

Niligombana na mmoja tu, Nyakanazi.

Sasa nasema nililojifunza. Nilidhani kumpenda mtu ni kumtangaza. Nimemtangaza dada yangu kwa misumari sita, nikamrudisha nyuma mwaka mzima. Wao wanajenga kitu ambacho hakina jina letu, kwa sababu kikiwa na jina letu hakisimami. Picha sina. Mkitaka kujua wana nini, wana wanawake waliomuogesha Esta, na wana akina mama kumi na mmoja ambao hivi leo wanawachungulia kuona kama nao watafunga virago.

Ndiyo maana nawaomba, na leo naomba kwa sauti ya chini. Tukiwaita warudi sasa, tutakuwa ni wale wale wa magari: tumepigilia ubao, tumeondoka. Na kosa ni langu na lenu, si lao.

Kikao ni Jumapili baada ya ibada. Mimi nitakaa benchi la mbele, nitajitahidi kunyamaza. Lakini atakayetaka Esta na Yona warudi asiseme pembeni kwenye ngazi. Asimame mbele ya wote, aseme. Nami nilisimama, na sikufa.