Siku Niliyomuuliza Mzee wa Watu Habari za Paa la Kanisa

Naisimulia hii nimejifunika uso kwa kiganja, na singeisimulia kabisa kama si Shangazi Mwanaidi kuitangaza kila harusi na kila hitima, na kwake inakuwa ndefu zaidi.

Shangazi yangu ni muuguzi, mjane, mtu wa Tanga, na baada ya miaka mingi kwenye apatimenti za Adelphi, huku Maryland, Marekani, akapata nyumba ya kununua Bowie, yenye bustani na gereji. Siku ya kusaini ilipokaribia akaniambia, "Utanisindikiza, baba. Wewe ndiye msomi wetu." Mnajua kwetu ilivyo: ukishavaa joho la kuhitimu, wewe ni wakili, daktari na fundi wa simu wa ukoo mzima. Mimi nilisomea biolojia. Mwingine angepiga pasi shati akaenda, lakini mimi ni yule anayesoma maelekezo ya shampuu hadi mwisho, kwa hiyo nikaamua kujiandaa kidogo tu, nikatafuta mtandaoni maswali ya kisheria ambayo mnunuzi wa nyumba asiache kuuliza, nikapata ukurasa mzuri ajabu, nikaukariri kama wa mtihani. (Alama ya paundi badala ya dola niliiona. Nikadhani simu yangu imekorofisha.)

Siku ikafika. Nje kuna lori la Kamau, rafiki wa shangazi kazini, limejaa makochi na masufuria, maana funguo za Adelphi zilisharudishwa asubuhi ile, na shangazi asipoipata nyumba siku hiyo hana pa kulala. Ndani tuko wanne: wakili anayesimamia hati, shangazi na mtandio wake wa sherehe, mimi, na muuza nyumba, mzee mstaarabu aliyestaafu serikalini, funguo kaziweka mezani mbele yake. Wakili akauliza, kwa adabu tu, kama kuna mwenye swali.

Mkono wangu ukapanda wenyewe.

Nikauliza: kabla hatujabadilishana mikataba, si kila upande bado una ruhusa ya kujitoa? Wakili akanitazama. "Mkataba ulisainiwa zamani, kijana. Leo tunamalizia." Hapo mwenye akili angenyamaza, lakini mimi nikiaibika huongeza mwendo, nikamgeukia yule mzee nikamuuliza, kwa sauti ya mahakamani, kama nyumba yake ina wajibu wowote wa kukarabati paa la kanisa la mtaa.

Mzee akavua miwani. "Nani kakwambia habari za paa?"

Kumbe ni mzee wa kanisa, na paa la kanisa lao linavuja, na waumini wamegombana juu ya paa hilo hilo, na lawama zote kabebeshwa yeye. "Kwa hiyo mmenichunguza mpaka kanisani kwangu?" Nikajaribu kueleza, nikataja parokia, nikataja wafalme wa zamani, mpaka wakili akaninong'oneza, "Kijana, hayo ni mambo ya Uingereza." (Uingereza, jamani! Kule kuna nyumba zinadaiwa matengenezo ya kanisa tangu enzi na enzi.) Lakini mzee alishazoa funguo, akazitia mfukoni, akasema atazungumza kwanza na mwanasheria wake mwenyewe, akatoka.

Sikuthubutu kumtazama shangazi. Akanyanyuka taratibu, akamfuata nje ya chumba, mlango ukabaki wazi, nami nikasikia kila neno la Kiingereza chake kile kisicho na haraka, anachowatuliza nacho wagonjwa. Nilitegemea aseme msamehe, hana akili timamu (ningemuunga mkono). Akasema: "Kaka, yule ni mwanangu. Wala halijui kanisa lako. Aliogopa nisije nikadhulumiwa, akasoma mpaka sheria za nchi za watu. Wewe huna mtoto wa namna hiyo?"

Nikasikia kicheko cha mzee, kikavu kwanza, kisha cha kweli. "Ninaye. Binti yangu kanikataza kusaini chochote bila yeye. Hapa nimekuja kwa kumtoroka."

Wakarudi, na funguo zikarudi mezani. Mimi nimejikunja kitini nionekane mdogo, lakini shangazi, mbele ya wote, akanigeukia: "Haya, uliza yaliyobaki, baba. Ila ya huku huku Maryland."

Sikuwa na hata moja. Akasaini.

Nje hakungoja hata tupande gari, akamsimulia Kamau yote palepale, na Kamau akacheka mpaka akaegemea lori. "Sasa wakili, hivi vitu tunapeleka Bowie ama London?"

Njiani niliomba radhi mpaka nikachoka mwenyewe. Shangazi, huku akiendesha, akasema, "Baba, karatasi zote za nchi hii nimezisaini peke yangu. Za kazi, za hospitali, za mazishi ya mume wangu. Leo nilikuwa na mtu wa kunitia aibu. Unajua raha yake?"

Nikageukia dirishani kidogo. Mtu huyu nusura alale kwenye lori kwa sababu yangu, na bado alinipa nafasi ya kuuliza tena. Mimi ningejikana mwenyewe.

Mwezi ujao anakwenda kusaini karatasi za gari jipya, na ameshaniambia nivae tai. Nitavaa. Ila nimeapa: nikiulizwa kama nina swali, sina.